Chumba cha Kufulia Nilichokijenga Mara Mbili

Siku ya kwanza nilifika kazini nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa linasimama lenyewe. Nilidhani nakwenda kuandika. Barua ya ajira ilisema "mtumishi wa hospitali", basi mimi, kijana wa Kiuyu, Pemba, niliyetoka skuli juzi, nilikwishajiona nimekaa nyuma ya meza. Karani alinipitisha nyuma ya majengo, tukalipita jiko, tukaupita mtambo wa umeme, mpaka tukafika kwenye banda refu lililokuwa likifuka mvuke. Mlangoni alisimama mzee mfupi ambaye ngozi ya vidole vyake ilikuwa imejikunja kama zabibu kavu. Huyo ndiye Mkuu wa Dobi.

"Unajua kufua?" aliniuliza kabla sijamaliza kumwamkia.

"Najua, Mzee."

"Nani kakufunza?"

"Hapana aliyenifunza. Ni kufua tu."

Akawageukia wenzake waliokuwa wakikamua shuka, wawili wawili, kila mmoja ameshika ncha yake. "Mwamsikia? Ni kufua tu!" Wakacheka mpaka shuka moja ikawaponyoka. "Haya, bwana Kufua Tu, vua hilo shati kabla halijapatwa na makubwa."

Jina hilo lilinishika kwa miaka miwili. Hata wapishi wa hospitali waliniita hivyo.

Wiki tatu za mwanzo sikuruhusiwa kugusa sabuni. Kazi yangu ilikuwa kuchambua, na nawaambia nyinyi vijana mnaosoma haya kwamba kuchambua ndiyo nusu ya udobi. Nguo zilikuja kwa toroli kutoka wadi zote. Shuka za kawaida ziliwekwa peke yake. Nguo za thieta, yaani chumba cha upasuaji, zilikuwa na fungu lake. Nguo za wazazi, zenye damu, hazikuguswa na maji ya moto, maana damu ikipata moto hushika uzi na haitoki tena. Na nguo za wagonjwa wa maradhi ya kuambukiza zilifungwa kwenye mfuko wa rangi yake, na alizifungua mtu mmoja tu aliyevaa mipira ya mikono. Nilijifunza kuitambua nguo kwa uzito na harufu kabla sijaitazama.

Baada ya kuchambua kulikuwa na kuloweka katika birika la dawa, kisha kufua, kusuuza, kutia bluu ili weupe usigeuke njano, kukamua, kuanika, kupiga pasi, na mwisho kukunja. Banda lilikuwa na milango miwili. Chafu iliingia kwa mlango wa mashariki, safi ikatoka kwa mlango wa magharibi. Mtu aliyeshika chafu hakuvuka mstari mwekundu uliopakwa sakafuni mpaka anawe mikono hadi viwikoni. Siku moja niliuvuka, nikiwa na haraka ya kwenda kula. Mkuu wa Dobi hakunigombeza. Aliyachukua makapu sita ya nguo safi yaliyokuwa upande ule, akayarudisha yote kwenye birika, akaniambia, "Haya, bwana Kufua Tu. Karibu chakula."

Alikuwa na desturi moja ambayo sikuielewa. Nguo zikishasuuzwa, kabla ya kukamuliwa, alizipanga juu ya chaga ya mbao na kuzimiminia maji kwa kata, polepole, akinong'ona kitu. Kila kapu, kila siku. Nilidhani ni uzee. Sikumuuliza, naye hakunambia.

Aliyetutawala sote alikuwa Matroni, mwanamke mrefu aliyetoka Unguja, ambaye viatu vyake vilisikika kabla yake. Alikuwa akiipitisha shuka baina ya kidole gumba na cha shahada, macho ameyafumba.

"Nani kaipiga pasi hii?"

"Mimi, Matroni."

"Njoo uone." Akanishika mkono, akanipeleka mpaka wadi ya wanaume, akanionesha mzee aliyelala chali miezi miwili. Mgongoni mwake mlikuwa na jeraha. "Mkunjo mmoja kama huu wako, usiku kucha chini ya mfupa. Dawa wanatia waganga. Jeraha analizuia dobi. Umenifahamu?"

Nilimfahamu. Tangu siku hiyo sikuona haya tena kusema kazi yangu. Maana kusema kweli, nilikuwa nikiona. Barazani vijana wenzangu, wavuvi na wakulima, walinikaribisha kwa wimbo: "Dobi kaja, leteni kanga za wake zenu!" Jirani yangu Faki ndiye aliyekuwa akiongoza. Nilianza kumjibu, "Leta, lakini zako zichemshwe mbali." Watu wakacheka naye akacheka, na ukawa ndio mchezo wetu mpaka leo tumezeeka.

Baada ya miaka minane nilihamishiwa hospitali ndogo ya upande wa Msuka. Huko hakukuwa na mtambo wala birika la saruji. Kulikuwa na kisima chenye maji ya chumvichumvi, mapipa matatu na jua. Katibu wa hospitali alinikabidhi ufunguo wa stoo na kunambia, "Hapa dobi ni weye, fundi ni weye, na mlalamikaji ni weye." Sabuni haikutoa povu kwa maji yale. Nilijifunza kukinga maji ya mvua kwa mabati, nikayahifadhi kwa kusuuzia tu. Nilijifunza kuanika kwa kufuata upepo, nguo nyepesi mbele na nzito nyuma yake, ili nzito zisizibe hewa. Nilishona mifuko ya kuchambulia kwa magunia, nikaitia alama za nyuzi za rangi. Mganga Mkuu alipokuja kukagua, alisimama mbele ya rafu zangu, shuka zimekunjwa kingo sawa kama kurasa za msahafu, akasema neno moja tu: "Hii!" Akaondoka. Neno hilo nimelibeba zaidi ya barua zote za pongezi.

Nilirudishwa hospitali kubwa nikiwa Mkuu wa Dobi, mzee wangu akiwa amekwishastaafu na kutangulia mbele ya haki. Mwaka huo kiangazi kilikuwa kikali na maji yakawa haba. Nilikaa na wenzangu tukapima kila ndoo inakotumika. Ile desturi ya kumimina maji ya mwisho kwa kata nikaiondoa. Nguo zimekwishalowekwa kwa dawa, zimefuliwa, zimesuuzwa birikani, maji ya kata ya nini tena? Matroni mpya aliyekuwapo alinisifu mbele ya mkutano. Nilitembea kifua mbele wiki nzima. Mvua zikarudi, maji yakarudi, lakini desturi ile sikuirudisha.

Nilistaafu nikiwa mzima, namshukuru Mungu. Na hapo ndipo nilipoiona nyumba yangu.

Miaka yote hiyo niliondoka alfajiri na kurudi jioni, nikazikuta nguo zangu zimefuliwa. Sikujua zinapofuliwa. Sasa nilikaa uani nikamtazama mke wangu, Bi Raya, amechutama juu ya beseni chini ya mfereji, yaani bomba la maji, magoti yakilia. Nguo chafu ziko ndani ya pakacha mlangoni, safi ziko kwenye kiti kando yake. Kamba ya kuanikia imevuka uwanja, na msimu wa karafuu uwanja ule haukuwa wa nguo. Ulikuwa wa majamvi ya kuanikia karafuu. Wingu likitokea, nyumba nzima inakimbilia karafuu, na nguo zinaachwa zipigwe na mvua. Hapana Mpemba atakayeokoa shati akaiacha karafuu.

Lakini hayo yalikuwa madogo. Binti yetu Maryam, ambaye anasomesha skuli, alirudi kukaa nasi na mtoto wake wa kike anayetambaa. Mtoto huyo alimpenda bibi yake, na kila alipompenda alimkojolea. Hapo shaka ikamwingia mke wangu, maana nguo yenye mkojo haisaliwi. Atafua kanga zake za kusalia, ataanika, kisha atasimama na kuzitazama. Je, hazikuguswa na zile za mtoto? Je, maji hayakuruka? Atazishusha, azifue tena. Niliwahi kumhesabia mara nne kwa siku moja. Adhuhuri ikawa inasaliwa karibu na Alasiri. Mwanamke ambaye nilimwoa kwa sababu, pamoja na mengine, uso wake ulitulia sana baada ya sala, sasa alitoka kwenye msala na uso wa mtu aliyesahau kufunga mlango.

"Raya, nguo ni safi," nilimwambia.

"Nani anajua?"

"Mie najua. Ndiyo kazi yangu."

"Kazi yako ilikuwa hospitali. Hii ni sala yangu."

Nikaamua kumjengea chumba cha kufulia. Nilikichora kwa mkono wangu, kama banda la hospitali lililopungua. Nilimwita fundi wa matofali, mtu mzima mwenye subira, tukaanza. Ukuta tuliupandisha mpaka kiunoni, na juu yake tukaweka matofali ya matundu, upepo upite, mvua isipite. Kamba za kuanikia tukazitia ndani, chini ya bati, ili msimu wa karafuu ukija mtu asichague cha kuokoa. Milango miwili, chafu kwa huku na safi kwa kule. Makapu matatu ya kuchambulia. Meza ya kukunjia nikaipima kwa kiuno cha mke wangu, nikimsimamisha kama mshona nguo. Beseni nikaliinua juu ya nguzo ili asichutame tena. Na katikati, fahari yangu, pipa nililolikata nusu kwa urefu na kulijengea saruji: birika la kulowekea.

Faki alikuja kila siku kutazama. "Yakhe, watu wakistaafu hujenga msikiti. Weye wajenga nini?"

"Najenga mahali pa kuchemshia zako."

"Na mstari mwekundu umeupaka?"

Nilikuwa nimeupaka.

Siku ya kumaliza nilimwita Bi Raya na Maryam. Nilikuwa nimeloweka nguo za kwanza nionyeshe mfano. Nilieleza kila hatua, sauti yangu ikipanda kama nahutubia wanafunzi wa uuguzi. Maryam alipiga makofi. Mke wangu alipitisha kiganja juu ya meza ya kukunjia, akatabasamu, akasogea mpaka kwenye birika, akatazama ndani.

"Humu mna nguo gani?"

"Zote za leo. Tunaloweka kwanza kwa dawa."

"Na za mtoto?"

"Na za mtoto. Dawa inaua kila kitu."

"Na kanga zangu?"

Nilikuwa nimezitia pia.

"Baba Maryam," alisema polepole, "weye umesoma Kurani chuoni kabla hujasoma skuli. Nguo yenye mkojo ukiitumbukiza kwenye maji ya pipa, hayo maji yamekuwa nini?"

Kila mtoto wa chuo analijua jawabu, hata mie niliyechapwa bakora kwa kuchelewa. Maji machache yakiingiwa na najisi, yamenajisika yenyewe, na kila kilichomo kimenajisika pamoja nayo. Nguo ya najisi haitumbukizwi ndani ya maji. Maji ndiyo humiminwa juu ya nguo, yakapita, yakaenda zake. Nilikuwa nimemjengea mke wangu mwenye shaka chombo cha kuzichanganya nguo zake zote na kile alichokiogopa.

"Ni chumba kizuri," alisema. "Safi sana. Lakini sitofulia humu." Akazitoa kanga zake, zikichuruzika, akarudi kwenye mfereji, akachutama.

Sikukubali kushindwa. Nilimwendea Shehe wa msikiti wetu baada ya Alasiri, nikamweleza habari ya Bi Raya na kufua kwake mara nne, ya pipa, ya dawa, kipimo chake na vijidudu, nikitaraji fatwa ya kwenda nayo nyumbani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee Khatib, hiyo dawa inaua vijidudu?"

"Inaua, Shehe."

"Alhamdulillahi. Na tohara je?"

"Si ndiyo nakuuliza?"

"Unaniuliza, au wanitaka nimjibu mkeo?" Akacheka, akanishika bega. "Bi Raya yuko sawa katika pipa. Katika kurudia mara nne hayuko sawa, huo ni wasiwasi, na wasiwasi hautolewi kwa maneno. Mpe njia ambayo macho yake yenyewe yataona maji yamepita."

Nilirudi kwa miguu, nimeinama. Na njiani, bila mtu kunambia, nikamwona mzee wangu, Mkuu wa Dobi, amesimama mbele ya chaga yake na kata mkononi. Nilisimama pale pale barabarani. Wagonjwa walisali katika shuka zile. Walisali wamekaa, wamelala, kwa ishara ya macho, na shuka ndiyo ilikuwa nguo yao na msala wao. Mzee alilijua hilo, akaliongezea birika la dawa maji yake ya kupita, hakumsumbua mtu kumweleza. Na mimi ndiye niliyeyakata, nikapigiwa makofi.

Sisemi haya kwa kujitia huzuni. Kazi yangu naijua thamani yake, na waliolala juu ya shuka zangu hawakutoka na majeraha. Lakini dobi mwenzangu kijana, ukikuta mkubwa wako anafanya jambo ambalo huoni maana yake, muulize. Mimi sikuuliza, na kuna watu siwezi kuwarudia kuwaomba radhi. Nimewaombea dua badala yake.

Kesho yake nilimwita tena fundi. "Tunavunja," nikamwambia.

"Lipi?"

"Hilo birika."

Alilizunguka, akaligonga kwa nyundo kama mtu anayemuaga mnyama wake. "Saruji hii haijakauka vizuri bado, Mzee."

"Ndiyo vizuri, itatoka kwa upesi."

Mara hii sikuchora peke yangu. Bi Raya aliletewa kiti, akakaa katikati ya chumba akiamrisha kama Matroni. Tangi la maji aliagiza liwekwe juu ya mnara mfupi wa matofali, ili maji yateremke yenyewe kwa mpira. Mahali pa birika tulijenga jukwaa la saruji lenye mteremko, na juu yake nikaweka chaga ya mbao za mvinje. Nguo ya mtoto huondolewa uchafu wake kwanza, ikatandazwa juu ya chaga, maji yakashuka juu yake, yakapita, yakaingia kwenye mtaro wa chini na kutoka nje kwenye migomba. Mtaro huo haukutani na wa nguo nyengine.

"Na dawa yako?" aliniuliza. "Ntakunyima?"

"Dawa itakuja baada ya maji kupita. Nguo ikishatoharika, nailoweka nitakavyo."

"Haya. Hilo nakupa."

Kanga za kusalia tulizijengea shubaka ukutani, upande wa mlango wa safi, juu kuliko mkono wa mtoto anayesimama dede, na tukalitia kilango cha wavu. Ufunguo aliufunga kwenye pindo la kanga yake. Nilitaka kumwambia kwamba ufunguo hauna haja, lakini nikakumbuka maneno ya Shehe. Mstari mwekundu aliuacha, ila aliusogeza hatua mbili. Alipousogeza ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nimeupaka pasipofaa, palepale mtu anapogeukia na kapu.

Wiki ya kwanza alifua mara mbili badala ya nne. Nilikuwa nikimwona amesimama mbele ya chaga, ameshika mpira, anayafuata maji kwa macho kutoka juu mpaka yanapoingia migombani. Wiki ya tatu alifua mara moja, akaanika, akatoka kwa mlango wa safi bila kutazama nyuma. Nilijifanya napanga vibanio.

Msimu wa karafuu ukaja. Siku moja baada ya adhana ya Adhuhuri wingu lilitanda, nasi tukaikimbilia karafuu uwanjani, tukaiingiza yote. Nguo zetu zilikuwa ndani, zinapepea kavu. Faki naye alikimbia kuokoa yake, kisha akaja kwangu ameloa, na kamba ya kupimia mkononi. Mkewe alikuwa amemtuma achukue vipimo.

"Usicheke," alisema.

"Sikucheka."

"Macho yako yanacheka. Hii meza kimo gani?"

"Kimo cha kiuno cha mkeo. Nenda ukampime yeye, usipime meza yangu."

Nilikuwa nimekolea kumweleza mteremko wa sakafu, mkono mmoja juu ya chaga, wa pili umeshika ncha ya kamba yake. Mtoto alikuwa mapajani mwa bibi yake barazani, na nilisikia kicheko chake kile ambacho sote nyumbani tunakijua matokeo yake. Bi Raya alipita mbele yetu, akampa Maryam mtoto, akatoka baada ya kitambo amekwishabadili nguo, ile aliyoivua akaiweka katika kapu lake, akafungua shubaka, akachukua kanga zake, akaingia ndani. Hakusimama kuzitazama.

Nami niliendelea na mteremko. Kila dhiraa iwe imeshuka nusu kidole, nilimwambia Faki, maana maji yakilala—

"Baba Maryam!" Sauti ilitoka chumba cha kusalia. "Mie n'shatawadha, n'shavaa, n'shasimama. Wangoja nini? Leo weye ndiye wanichelewesha."

Nikamwachia Faki ncha yangu ya kamba, nikaenda kutawadha.